Siku saba za kumtafutia baba trekta la kebini

Haya nimeyaandika baada ya kurudi nyumbani, nikiwa na daftari lililoloa pembe moja na picha zaidi ya mia mbili kwenye simu, nyingi zikiwa za ngazi, pedali na vibati vya namba. Tulisafiri watu watatu: baba yangu, ambaye ametimiza miaka 76, fundi wa matrekta anayelihudumia shamba letu tangu nikiwa shuleni, na ambaye humu nitamwita Fundi kama tunavyomwita wote, na mimi, niliyekuwa dereva, mtunza fedha na mwandishi. Tulikuwa tunatafuta trekta lililotumika, lenye kebini iliyofungwa, la nguvu za farasi kati ya 70 na 90, ambalo baba angeweza kulitumia kwa miaka yote ambayo bado anataka kulima.

Trekta lake la wazi amelikalia kwa zaidi ya miaka 30. Masikio yake yamepungua nguvu, kifua humkereketa kila msimu wa haro, na goti lake la kushoto limeisha kiasi kwamba daktari amemkataza kuruka chini kutoka mahali popote palipo juu kuliko kiti. Wiki moja kabla ya safari nilikaa kando ya shamba kutwa nzima, nikawa naweka alama daftarini kila aliposhuka: kufungua lango, kuchomoa pini, kutoa majani yaliyosokota kwenye zana, kutazama kina cha mfereji. Jioni nilikuta alama 34. Hapo nilielewa kuwa mambo mengi ya safari hii yangeamuliwa na goti la kushoto, kwa sababu trekta kwa kawaida hupandwa kwa mlango wa kushoto, na klachi nayo hukanyagwa kwa mguu wa kushoto.

Kabla hatujaondoka tulipima pia mlango wa banda. Una kimo cha mita 2.9. Anayetoka trekta la wazi kwenda la kebini husahau kirahisi kwamba chombo kipya kinaweza kulizidi la zamani kwa kimo, na kwamba bomba la moshi mara nyingi hupita juu ya paa la kebini.

Siku ya kwanza

Tulianza safari alfajiri na tukawa njiani hadi saa nane mchana, na katika saa zote hizo hakuna la kuandika zaidi ya kwamba baba alilala na Fundi hakunyamaza.

Yadi ya kwanza ilikuwa na matrekta kumi na mawili yamepangwa kama askari. Lililovutia macho lilikuwa kubwa, la nguvu za farasi zinazozidi 100, limepigwa rangi mpya kuanzia pua hadi mabawa ya magurudumu ya nyuma. Muuzaji alitupokea kwa heshima na kumwambia baba, "Mzee, hili ukilipanda hutashuka tena." Baba aliinua mguu wa kushoto kuelekea kidaraja cha kwanza. Mguu haukufika. Aliushika kwa mikono miwili chini ya paja, akauinua, akaupandisha, kisha akanyoosha mkono wa kulia kutafuta mahali pa kushika ndani ya mlango. Vidole vyake vilipapasa chuma kitupu chenye matundu mawili ya bolti. Kishikio kilikuwa kimeng'olewa. Nilikuwa nyuma yake, nikamshika kiuno, tukashuka pamoja bila kusema neno.

Nilitoa futi ya kupimia. Kutoka ardhini hadi kidaraja cha kwanza zilikuwa sentimita 68. Kanuni za Ulaya zimeweka kikomo cha milimita 550 kwa kidaraja cha chini cha trekta, na trekta hilo bila shaka lilitoka kiwandani likiwa ndani ya kikomo hicho. Fundi alisoma namba za matairi, akazilinganisha na kibati kilichokuwa ndani ya kebini, akakuta matairi yaliyofungwa ni makubwa kuliko yale ya asili. Aliyelitumia kabla yetu alitaka kupita kwenye tope, naye akamnyanyua dereva kwa sentimita kadhaa bila kukusudia.

Fundi alinionyesha jambo jingine kabla hatujaondoka. Rangi mpya ilikuwa imepita juu ya sili za ekseli, juu ya maungio ya mabomba ya haidroliki na hata juu ya kibati cha namba. Penye rangi mpya juu ya sili, alisema, huwezi kujua kama oili ilikuwa ikivuja hapo mwaka mzima au haikuvuja kamwe. Yeye hupenda trekta chafu ambalo vumbi lake ni kavu.

Kwa atakayefuata njia hii: pima ngazi trekta likiwa kwenye ardhi tambarare, na anza na kidaraja cha chini kabisa, ambacho ndicho hupinda au kung'olewa kwa kugonga visiki. Kisha mwache mzee mwenyewe apande. Kijana akipanda kwa niaba yake, hapo hakuna kilichopimwa.

Siku ya pili

Mvua ilitukuta njiani na barabara ya udongo ikageuka uji. Tulikwama mahali penye mteremko, magurudumu yote mawili ya mbele yakiwa ndani ya mtaro, tukakaa hapo kwa saa tatu na robo. Malori mawili yalitupita. La tatu lilisimama, dereva wake akashuka na mnyororo wake mwenyewe, akatuvuta, akakataa malipo, na alipojua tunakwenda kutazama trekta akatupa ushauri mmoja: tufike bila kutoa taarifa ya saa kamili. Tulikuwa tumekwisha kuitoa.

Tulifika kwenye shamba la pili jioni. Trekta lilikuwa limeshawashwa na kuzimwa, limesimama mbele ya nyumba kana kwamba linapumzika. Fundi hakuuliza lolote. Aliweka kiganja juu ya injini, akakiacha hapo kwa muda, kisha akanitazama. Ilikuwa ya moto. Injini iliyochoka ikishapata joto huwaka vizuri kama nyingine yoyote, na kasoro zake za mgandamizo wa silinda, za nozeli na za betri hujificha. Alimwomba mwenye trekta kwa upole turudi alfajiri, na kwamba asiliguse hadi tufike. Mwenyewe alikubali, ingawa hakufurahi.

Hatukuwa na mahali pa kulala. Jirani wa shamba hilo, mama mmoja aliyekuwa akifunga lango lake, alitusikia tukijadiliana, akatufungulia chumba cha wanawe waliohama, akatupa mablanketi na maji ya moto kwa ajili ya goti la baba. Asubuhi alikataa kuchukua chochote. Nimehifadhi picha ya baba akiwa amekaa kwenye kitanda cha mtoto, magoti yakiwa karibu na kidevu, anacheka.

Siku ya tatu

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi injini ilikuwa baridi kama jiwe. Starta ilizunguka kwa sekunde zaidi ya kumi na tano kabla haijashika, ukatoka moshi mweupe mzito ambao haukuisha kwa dakika nne. Kisha ulianza kugeuka buluu. Fundi alifungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma, moshi ukapuliza kutoka humo kwa mapigo, kama mtu anayepumua kwa shida. Hiyo ni gesi ya mwako inayopita kando ya pistoni kwa sababu ringi zimeisha.

Rangi za moshi nimezinukuu daftarini kama alivyonieleza. Mweupe unaoisha mara injini ikipata joto si wa kutisha sana. Ni dizeli ambayo haijaungua. Mweupe unaoendelea huku maji ya radieta yakipungua unaashiria gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe kupata ufa. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi injini inapobebeshwa mzigo ni dizeli nyingi au hewa kidogo, na wakati mwingine dawa yake ni chujio jipya la hewa tu.

Mita ilionyesha saa 4,100 za kazi. Pedali ya klachi, hata hivyo, ilikuwa imelika upande mmoja hadi mistari ya kuzuia utelezi imefutika, usukani ulikuwa umelainika kama mpini wa jembe la kale, na kitambaa cha kiti kilikuwa kipya kupita kitu kingine chochote ndani ya kebini. Mita ya saa hubadilishwa, hukatika waya, hukaa imekufa miaka miwili bila mtu kujali. Fundi huisoma mwishoni, baada ya kusoma pedali, pini za mikono ya haidroliki inayoinua zana na bushi za ekseli ya mbele, akaona kama hadithi zao zinafanana. Hapa hazikufanana. Tulimshukuru mwenye trekta na kuondoka, naye alipunguza bei mara mbili kabla hatujafika kwenye gari. Baba aliniambia njiani kwamba bei inayoshuka haraka hivyo ilimtia hofu zaidi kuliko moshi.

Siku ya nne

Siku hii hatukukusudia kutazama trekta lolote. Daraja lililokuwa mbele yetu lilikuwa likitengenezwa na magari yalizuiwa hadi alasiri, kwa hiyo tulijiegesha kivulini kando ya shamba ambalo trekta la kebini lilikuwa likipita na haro. Lilipofika mwisho wa mstari likasimama. Mlango ulifunguliwa, akashuka mwanamke mwenye mvi kichwa kizima, akishuka kinyumenyume, uso ukielekea kiti, mikono miwili kwenye vishikio, mguu mmoja baada ya mwingine. Baba aliteremka garini kabla sijazima injini.

"Shikamoo" nilimpa mimi. Baba alimsalimu kama mtu wa rika lake, na walipotajiana miaka ikaonekana baba amemzidi mitano tu. Mama huyo alitusikiliza, akasema trekta lake haliuzwi, akaongeza, "Lakini mzee mwenzangu akitaka kukaa ndani, akae." Alimwachia kiti kwa saa nzima. Saa hiyo ilitufundisha kuliko siku tatu zilizotangulia.

Jambo la kwanza alilotuonyesha ni sakafu. Katika kebini nyingi za zamani gia huchomoza katikati ya sakafu, dereva anakaa kama amempanda farasi, na ili kufika kwenye kiti lazima mguu mmoja uruke juu ya nundu ya gia. Sakafu ya kwake ilikuwa bapa. Baba aliingia, akageuka, akakaa, bila kuinua goti zaidi ya kimo cha ngazi.

La pili lilikuwa wenzo mdogo upande wa kushoto wa usukani. Ukiusukuma mbele trekta linakwenda mbele, ukiuvuta linarudi nyuma, na klachi haiguswi kwa sababu kazi hiyo inafanywa na pakiti za klachi zinazosukumwa na haidroliki. Alituonya kuwa kuna wenzo unaofanana nao kwa sura ambao bado unadai klachi ikanyagwe kila unapougeuza, na kwamba wauzaji wengi huita vyote viwili kwa jina moja. Ukitaka kuujua tofauti yake, jaribu. Kwa kazi ya kupakia, yenye kwenda mbele na kurudi nyuma mara mia kwa siku, goti la baba lingeyaona hayo mapema kuliko macho yake.

La tatu lilihusu shingo. Mtu aliyelima miaka mingi hutazama nyuma bila kukoma, na shingo ya mzee haigeuki ilivyokuwa. Kiti cha mama huyu kiligeuka nyuzi chache kuelekea kulia, na vioo vyake vya pembeni vilikuwa vya aina ya mbinuko, vyenye kuonyesha eneo pana. Pia alikuwa na ndoano ya kunasia trela inayoshushwa na kuinuliwa kutoka kwenye kiti, na vitufe vya kuinulia mikono ya haidroliki vilivyofungwa nje, juu ya bawa la gurudumu la nyuma, ili anapounganisha zana asipande na kushuka kwa kila sentimita anayohitaji. Nilifungua ukurasa wa alama zangu 34, nikahesabu. Vitu hivyo viwili peke yake vingefuta takribani alama 15.

Nilipima kelele kwa simu. Kipimo cha simu si cha maabara, lakini simu ileile ilikuwa imesoma desibeli 97 kwenye trekta la baba likivuta haro. Humu ndani, milango ikiwa imefungwa, ilisoma 79. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, hupendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda huo hukatwa nusu. Kwa hesabu hiyo, 97 ni nusu saa. Baba amekaa humo siku nzima kwa miaka 30. Nilimwonyesha hesabu hiyo daftarini. Aliisoma, akairudisha, akaniuliza kwa sauti ya chini kama masikio yaliyokwisha kupotea hurudi. Nilimjibu kwamba hayarudi, ila yaliyobaki yanaweza kulindwa.

Jambo la kuzingatia kwa wanaonyunyizia dawa: kebini kufungwa vizuri haina maana kwamba inazuia dawa. Kiwango cha Ulaya EN 15695 kimezigawa kebini katika makundi manne. La 1 halitoi kinga, la 2 huzuia vumbi, la 3 huongeza matone ya dawa yaeleayo hewani, na ni la 4 pekee linalozuia na mvuke. Kebini nyingi za zamani zina chujio la karatasi la vumbi tu, kwa hiyo barakoa inabaki kuwa lazima. Chomoa chujio ulitazame: likiwa jeusi na limepasuka, vumbi lililopita humo limo pia ndani ya feni na mapafuni mwa aliyelitumia.

Daraja lilifunguliwa saa kumi. Tuliagana na yule mama, naye akamwambia baba asikubali trekta ambalo hajalishukia mara kumi.

Siku ya tano

Hii ndiyo siku ngumu, na nimesita kuiandika. Trekta la tatu lilikuwa na injini tamu kupita zote tulizozisikia. Liliwaka likiwa baridi kwa mguso mmoja, moshi ukatoweka ndani ya nusu dakika, bei yake ilikuwa karibu theluthi mbili ya bei za mengine ya nguvu hiyo. Baba alilipenda. Ngazi ilikuwa sentimita 52.

Fundi aliinua mkeka wa sakafu. Chini yake bati lilikuwa limeoza kiasi cha kupitisha kidole, na nguzo ya nyuma ya kushoto, mahali inapokutana na sakafu, ilikuwa imechomelewa kipande cha chuma cha pembe na kupigwa rangi. Raba zinazobeba kebini zilikuwa zimepasuka, na ndiyo maana ilitetemeka kila gia ilipoingia.

Watu wengi huiona kebini kama paa la kuzuia jua na mvua. Nguzo zake, au fremu iliyofichwa ndani yake, ndizo zinazomlinda dereva trekta likipinduka. Uswidi ilizilazimisha fremu hizo kwa matrekta mapya mwaka 1959, Uingereza ikafuata mwaka 1970, na mwaka 1976 Uingereza ikaongeza sharti kwamba kelele ndani ya kebini mpya isizidi desibeli 90. Ndiyo maana kebini za kuanzia miaka hiyo ni tulivu kuliko zile za mwanzo, ambazo zilikuwa mabati yanayonguruma. Fremu hizo hujaribiwa kwa kupondwa na kusukumwa zikiwa kamili. Ikishaliwa na kutu, ikatobolewa au ikachomelewa, hakuna anayeweza kusema itahimili nini, na mkanda wa kiti utamfunga dereva ndani ya kitu kitakachomwangukia.

Nilimweleza baba hivyo. Akasema amelima kwenye trekta lisilo na fremu yoyote miaka yote na hajapinduka. Nikasema neno ambalo nililijutia papo hapo: kwamba wakati huo alikuwa kijana. Alinyamaza. Alitembea hadi kwenye uzio, akasimama huko akitazama upande mwingine, mikono nyuma, kwa muda ambao Fundi alimaliza kufunga vifaa vyake vyote. Nilimfuata nikamwomba radhi. Akaniambia kwamba hakasiriki kuitwa mzee. Kinachomuuma ni kwamba tangu tuondoke watu wanazungumza juu ya goti lake mbele yake kana kwamba goti ndilo linalonunua trekta. Tulikubaliana kwamba kuanzia hapo muuzaji angeelekezwa kwake, maswali angeuliza yeye, nami ningebaki na futi na daftari. Baadaye jioni, bila kuulizwa, alisema lile trekta lenye nguzo mbovu tuliache.

Siku ya sita

Trekta la nne lilikuwa shambani kwa mkulima anayestaafu, silinda nne, nguvu za farasi 82, sakafu bapa, wenzo wa mbele na nyuma usiohitaji klachi. Baba alimpigia simu mwenyewe na kumwomba asiliwashe. Tulilikuta na umande juu ya kofia ya injini.

Liliwaka vizuri. Fundi alitumia karibu saa tatu, na baba alikuwa naye bega kwa bega. Waliitazama oili ya injini kwenye kijiti: nyeusi, bila povu la rangi ya maziwa ambalo lingeashiria maji. Walijaribu klachi kwa kuweka gia ya juu, kushika breki na kuiachia polepole. Injini ilizimika papo hapo kama inavyotakiwa, kwa maana klachi inayoteleza huiacha injini iendelee kuunguruma. Waliifungua pini inayounganisha pedali mbili za breki, wakajaribu kila upande peke yake. Waliinua plau, wakazima injini, wakakaa kuitazama. Ilishuka chini ya upana wa kiganja kwa dakika kumi. Fundi alilirudia jaribio hilo baada ya saa moja ya kazi, kwa kuwa oili ikipata joto huwa nyepesi na pampu iliyochoka ndipo hujitangaza. Shafti ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha zana kwa nguvu ya injini, ilizunguka mizunguko 540 kwa dakika, na kinga yake ya plastiki ilikuwapo.

Kasoro zilikuwapo pia. Matairi ya nyuma yalikuwa bado na kashata nyingi, yaani meno ya tairi, lakini tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu zilisomeka 2311, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2011, na nyufa nyembamba zilikuwa zimeanza kati ya kashata. Chemchemi ya hewa ya kiti ilivuja, kiti kikashuka taratibu hadi chini. Kiyoyozi kilipuliza upepo wa kawaida. Hapa Fundi alitazama kibandiko cha aina ya gesi. Matrekta yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 mengi yalitumia R12, iliyoondolewa sokoni kutokana na Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, na kuyabadilisha ni gharama zaidi. Hili lilikuwa la R134a, kwa hiyo tatizo lilikuwa la kuvuja tu. Namba ya kibati ilifanana na ya kwenye hati.

Kisha baba akapanda. Sentimita 50, vishikio viwili. Alishuka kinyumenyume kama alivyomwona yule mama. Akapanda tena. Mwenye trekta alidhani amesahau kitu ndani, baba akamweleza kwamba ameambiwa ashuke mara kumi, na yule mkulima akaenda kukaa juu ya ndoo na kumhesabia kwa sauti. Kwenye mara ya saba baba alipumzika, mkono kwenye kishikio cha kushoto. Mara ya kumi alishuka, akasimama, akalikunja goti mara mbili kulijaribu, akasema, "Tuzungumze bei."

Waliizungumza wao wawili. Matairi, kiti na kiyoyozi vilishusha bei kwa karibu sehemu moja ya kumi, ambayo baadaye tuliona inatosha kiti na kiyoyozi lakini haitoshi matairi. Andaa fedha za matengenezo kando ya bei, na usizihesabu kuwa akiba. Sisi tulikuwa tumetenga robo ya bei, na usafirishaji peke yake ukala theluthi ya robo hiyo.

Siku ya saba

Trekta lilirudi juu ya lori la kubebea mitambo, limefungwa kwa minyororo kwenye ekseli. Dereva alikataa kuifunga kwenye mikono ya haidroliki au ngazi, na nilimheshimu kwa hilo. Alipima pia kimo cha juu kabisa kabla ya kuondoka. Kwenye banda letu lilipita likiwa limebakiza sentimita 14 chini ya boriti.

Tangu hapo tumefunga kiti kipya, vioo vya mbinuko, na kishikio cha tatu karibu na mlango, ambacho Fundi alikifunga kwenye matundu ya bolti yaliyokuwapo ili asitoboe nguzo. Limezuka jambo moja ambalo hatukulifikiria: milango ikifungwa baba hasikii mtu anayemwita, na siku ya pili mjukuu wake alikuwa amesimama karibu na gurudumu la nyuma bila yeye kujua. Sasa hakuna anayelikaribia trekta hadi macho yao yakutane na baba ainue kiganja, na PTO huzimwa kabla mlango haujafunguliwa.

Juma lililopita nilirudi kukaa kando ya shamba na daftari lilelile. Jioni nilihesabu alama 12. Baba aliniuliza nimeandika ngapi, nikamwambia, akasema kumi na moja. Ile moja alishuka kunisalimia.